Friji Iko Goma

Nilipohamishiwa wodi ya wanawake katika hospitali moja ya hapa Gisenyi, wenzangu walinipa ushauri mmoja tu: ukimruhusu mgonjwa kwenda nyumbani, paza sauti. Nilidhani wananitania. Nilikuwa nimetoka kituo kidogo cha afya upande wa Nyakiriba, katikati ya mashamba ya viazi na karoti, na huko tulikuwa tukiwaruhusu watu kwa sauti ya kawaida na walifika makwao salama.

Haikupita wiki nikaelewa. Mkuu wa wodi yetu, ambaye sote tulimwita Shefu, alikuwa mama wa makamo aliyezaliwa na kusomea uuguzi Kongo. Alirudi Rwanda pamoja na wazazi wake, akaja na diploma yake, Kifaransa chake, na Kiswahili cha Goma ambacho alikitumia hata kuombea chakula. Alikuwa mchapakazi wa kweli. Alifika kabla yetu na kuondoka baada yetu, na shuka za wodi yake zilikuwa nyeupe mpaka wodi nyingine zikadhani tunapendelewa sabuni. Sasa wakubwa walikuwa wamemwambia kwamba wauguzi wa hospitali yetu hawajui kupanga safari ya mgonjwa ya kurudi nyumbani: wanampa dawa, wanamwambia kwaheri, basi. Wanahitaji kusimamiwa. Shefu alipoambiwa kusimamia, alisimama.

Alisimama nyuma yako. Ukianza tu kuzungumza na mgonjwa anayeondoka, ulisikia raba zake zikikaribia juu ya sakafu, kisha zikanyamaza. Ukigeuka, ulimkuta na karatasi yake ya vipengele kifuani na miwani imeteremka hadi katikati ya pua.

"Bon, endelea," alikuwa akisema. "Mi siko hapa."

Ukaendelea. Ni vigumu kuzungumza na mtu aliyelala huku mtu asiyekuwapo anapumua kisogoni mwako. Karatasi yake ilitaka mambo ya kawaida: dawa, chakula, usafi, mapumziko, dalili za hatari, siku ya kurudi. Lakini sikio lake lilitega maneno yenyewe. Ukitamka "dalili za hatari", kalamu ilicheza. Ukimweleza mgonjwa kwa upole kwamba akiona mguu umevimba au homa imepanda arudi haraka, bila kulitaja jina la kipengele, kalamu ilikaa kimya, na baadaye uliitwa ofisini kuulizwa kwa nini hukumwambia mgonjwa dalili za hatari.

Basi tulijifunza. Mwenzetu mmoja, muuguzi aliyekulia Uganda na asiyekosa mzaha, aliweza kutoa maelezo yote bila kuvuta pumzi zaidi ya mara mbili. Mimi nilikuwa na shida nyingine. Nilizaliwa Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi huko, na Kiswahili changu kinawachekesha watu wa hapa. Wanasema nazungumza kama redio. Kwa hiyo nilipopaza sauti kutangaza dawa, chakula na usafi, wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wakinyamazishana ili wasikilize habari.

Wagonjwa wenyewe waliitikia kila kitu. "Yego, muganga," walisema, yaani ndiyo, daktari, maana hapa kila mwenye koti jeupe ni daktari hadi atakapothibitisha vinginevyo. Hakuna aliyewauliza lolote. Katika karatasi ile mgonjwa alikuwa na nafasi moja, chini kabisa, ya kuweka sahihi. Alama zetu zilikuwa nzuri sana. Wodi yetu ilitajwa kwenye mikutano. Na mimi, ambaye kule kituoni nilikuwa na tabia ya kumuuliza mgonjwa anaishi na nani na anapanda mlima gani kufika kwake, niligundua siku moja kwamba nilikuwa nimeruhusu wagonjwa wiki nzima bila kukumbuka sura ya hata mmoja. Kisogo changu ndicho kilichofanya kazi muda wote, kikisikiliza raba.

Halafu wakaja wauguzi wapya, na mkurugenzi wa uuguzi akaomba wodi yetu iwaonyeshe mfano. Shefu hakutaka kubahatisha.

"Mutaniangalia mimi," alisema. "Leo hapana mutu kusema. Macho tu."

Mgonjwa aliyechaguliwa alikuwa mfanyabiashara wa nyanya na vitunguu, mmoja wa akina mama wanaovuka mpaka kwenda Goma kila asubuhi na beseni kichwani na kurudi jioni. Alikuwa na umri kama wa Shefu, mwili mkubwa, rozari shingoni, na sauti iliyozoea kuuza mahali penye kelele. Alilazwa kwa kisukari ambacho hakujua anacho, pamoja na kidonda cha unyayo alichodhani kimeletwa na kiatu. Sasa sukari imeshuka, kidonda kimeanza kufunga, na tumemfundisha kujichoma insulini mwenyewe. Alijifunza upesi kuliko wanafunzi wetu. Alikuwa mgonjwa mzuri wa mfano.

Tulijipanga kuzunguka kitanda: wauguzi wapya, mkurugenzi aliyefunga mikono mgongoni, mimi na yule mwenzangu wa mzaha tukiwa ukutani. Kwa mara ya kwanza Shefu alikuwa mbele, na hakuna aliyesimama nyuma yake.

"Mama," alianza, "hii dawa utajichoma asubui na mangaribi, mbele ya kula. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Dawa inapenda baridi. Friji iko?"

"Iko."

"Muzuri. Donc, kidonda kinaomba repos. Hapana kubeba muzigo, hapana kutembea-tembea. Unakaa kwako, unapumuzika, mupaka kipone. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Alimaliza na dalili za hatari, akazitaja kwa jina lao, na mgonjwa akaweka sahihi. Mkurugenzi akapiga makofi, wauguzi wapya wakaandika. Nami nilibaki na kitu kidogo kinachonikuna. Kwa Kiswahili nilichokulia, mtu akikwambia "iko" unabaki unangoja. Iko wapi? Mezani, uvunguni, kwa jirani? Lakini kwa Kiswahili cha hapa "iko" imejitosheleza. Chumvi iko? Iko. Sukari iko? Iko. Nikajiambia ni redio yangu tu inayonisumbua, na tena tulikuwa tumeambiwa macho tu.

Mama yule aliaga wodi nzima, akatushukuru kwa sala ndefu, akaondoka akichechemea, akiwa na fuko la dawa.

Alirudi kabla ya siku yake. Majirani walimleta asubuhi, wamemkalisha kwenye kiti cha nyuma cha gari la kukodi, kichwa kimeangukia begani kwa mmoja wao. Alikuwa akipumua kwa nguvu na kwa kina kama mtu aliyekimbia kupanda mlima, midomo imekauka, na kinywani alikuwa na ile harufu ya tunda lililooza kidogo ambayo muuguzi yeyote akiisikia haulizi tena. Sukari ilikuwa juu mno. Tulimkimbilia na maji ya mshipani na insulini, na Shefu alikuwa wa kwanza kupata mshipa. Katika mambo hayo mikono yake haikuwa na mfano. Karatasi ilikuwa imeachwa mahali fulani ambapo hakuna aliyejali.

Kesho yake mama alifungua macho, akaomba chai. Shefu alivuta kiti, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya, akakaa.

"Mama, uliacha dawa?" alimuuliza. "Juu ya nini?"

"Sikuacha."

"Ulikuwa unajichoma?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Dawa iko mu friji," mama akasema, kwa subira, kama anayemweleza mteja bei aliyokwisha kuitaja.

"Na friji iko wapi?"

"Iko Goma. Kwa dada yangu."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alisema "Mana yanjye" kwa sauti ndogo, ndiyo kusema Mungu wangu, na hilo ndilo lililokuwa la kusemwa.

Mama aliendelea kueleza, na maelezo yake hayakuwa na kosa hata kidogo. Kwake yeye hakuna friji. Anapanga chumba nyuma ya nyumba ya watu, umeme wake ni wa taa moja na kuchaji simu. Lakini dada yake aliyeolewa Goma anayo, anauza soda. Alipotoka hospitali alimpelekea dawa siku ile ile. Mpango wake ulikuwa mzuri: asubuhi avuke na nyanya, apitie kwa dada, ajichome, ale, jioni kabla ya kurudi apite tena. Yeye huvuka kila siku, na mpaka ni mwendo mfupi tu kutoka kwake. Shida ilikuwa moja.

"Mulinambia nisibebe muzigo," alisema. "Mulinambia nikae nyumbani. Mi nikakaa."

"Na dada? Hakuleta?"

"Karatasi yake ya kuvuka ilikufa. Akanambia ngoja kidogo. Nikangoja."

Alikuwa ametutii katika kila kitu. Angekuwa mkaidi, kama akina mama wengi wa nyanya, angebeba beseni lake kesho yake na asingeugua. Yule mwenzangu wa Uganda alinitazama, akatazama dari.

Shefu aliinuka polepole, akarudisha kiti ukutani, akaenda kusimama dirishani. Kutoka pale unaona mabati ya mji yakishuka hadi ziwani. Nilidhani analia. Alipogeuka alikuwa akijipigapiga paji la uso kwa viganja.

"Na hii dawa haikukuwa hata na lazima ya friji!" alisema. "Kichupa cha kufungua, kwa baridi ya hapa kwetu, kinakaa wiki na wiki mu kivuli. Mu chungu chenye kulowana maji kando. Mi nilifundishwa hii. Mi nilifundisha hii! Nilifundisha bantu kule Masisi, mu Kongo, hata taa hawakukuwa nayo!"

"Sasa mbona uliniuliza friji?" mama akauliza kutoka kitandani.

Jibu lilikuwa kwamba karatasi iliuliza friji, na karatasi iliandikwa na watu wa mahali penye joto, au penye friji. Lakini hilo si jibu unaloweza kumpa mtu ambaye jana alikuwa hajui yuko wapi.

Kikaitwa kikao. Mkurugenzi wa uuguzi alikuwa mtu mwenye adabu, mwenye shati lililopigwa pasi, na alianza kwa kusema hatutafuti mtu wa kulaumu. Kisha akauliza ni nani aliyemruhusu mgonjwa huyu. Kila mtu chumbani alijua. Yeye mwenyewe alijua, alipiga makofi. Lakini aliuliza huku akitutazama sisi wauguzi wa kawaida, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayepitisha sahani ya sadaka na kutumaini kwamba kuna atakayetia. Mimi ndiye niliyekuwa zamu siku ile, na jina langu ndilo lililokuwa kwenye ratiba. Nikaanza kutafuta maneno.

"Mi," Shefu akasema.

"Shefu, hatusemi kwamba..."

"Mi nilimuruhusu. Bote banajua. Nilimuuliza friji, hakunidanganya. Niliuliza karatasi, sikuuliza mutu."

Sijui kama mnajua inavyokuwa mkuu anapojitaja mwenyewe katika kikao. Watu hawajui watazame wapi. Mkurugenzi alisafisha koo, akasema ni jambo la kupongezwa, ila ni lazima hatua ichukuliwe ili lisitokee tena. Na hatua ikachukuliwa. Baada ya muda mfupi tuliletewa karatasi mpya yenye kipengele kimoja cha ziada: *Je, friji ipo? Ipo katika nchi gani?*

Tukaanza kuuliza. Tuliwauliza wenye kisukari na waliovunjika mkono. Tulimuuliza bibi kizee aliyetolewa jino, akajibu kwamba hajawahi kumiliki friji katika nchi yoyote, na kama tunagawa, yeye yuko tayari. Wakubwa waliridhika. Friji ya Goma ilikuwa imefungiwa kila upenyo. Hata kama angetokea mtu mwenye friji Bujumbura, huyo pia tungemkamata.

Lakini wakati huohuo, bila barua wala tangazo, jambo jingine lilikuwa limeanza wodini. Siku mama wa nyanya alipokuwa tayari kuruhusiwa tena, Shefu aliniita.

"Utamuruhusu wewe."

"Ndiyo, Shefu. Na wewe?"

"Mi nitakaa."

Akaenda kukaa kwenye kitanda kitupu cha jirani, mikono mapajani, bila kalamu. Nikasubiri raba zisogee. Hazikusogea. Sasa ikawa mimi ndiye sijui nianzie wapi, kwa sababu midomo yangu ilikuwa imeshazoea kuanza na dawa. Nikamtazama mama, naye akanitazama. Mwishowe nikamwambia, "Mama, niambie siku yako. Tangu unapoamka."

Akaniambia. Ilichukua muda. Anaamka kabla ya jua, anasali, anashuka sokoni kuchukua nyanya zinazotoka mashambani. Chai anakunywa akishavuka, na mara nyingi hanywi. Chakula cha kweli anakula jioni. Jirani yake, mke wa mwenye nyumba, ni mtu mwema na ana chungu cha maji. Kazi hawezi kuacha zaidi ya wiki chache, na kwa nini nimwambie uongo, alisema, mguu ukiacha kuuma tu ataenda. Kadiri alivyosema ndivyo maelekezo yangu niliyoyakariri yalivyokuwa yakianguka moja moja. Kwa mtu asiyekula hadi jioni, ile sindano ya asubuhi tuliyompa kwa fahari ingeweza kumwangusha katikati ya mstari wa mpakani. Angerudishwa kwetu, safari hii kwa sukari kushuka.

Wakati huo dada yake wa Goma akaingia, karatasi yake ya kuvuka imeshafufuka. Alivaa mtandio mrefu, maana aliolewa na Mwislamu akasilimu, na wawili wale walikumbatiana, tasbihi mkononi na rozari shingoni. Dada alitoa kwenye mkoba wake chupa ya chai, ile kubwa ya kuweka maji ya moto, akaifungua kwa uangalifu. Ndani kulikuwa na maji baridi, na katikati yake, kimefungwa kwenye nailoni, kichupa cha insulini.

"Nimekileta na friji yake," alisema.

Shefu alicheka hadi miwani ikaanguka mapajani. Kisha, akiwa bado anajipangusa macho, alisogea kitandani, na wote wanne tukapanga. Daktari aliitwa abadilishe mpangilio wa sindano. Dada akakubali kupokea pale mpakani beseni la nyanya za mteja mkubwa wa Goma, ili mama asitembee mbali wiki za kwanza. Chai na kiazi vitaliwa nyumbani, kabla ya kutoka, hata kama Mungu ataabudiwa kwa kifupi. Chungu kitaazimwa kwa jirani. Shefu hakuuliza chochote kilichomo katika karatasi. Aliuliza mama akizidiwa barabarani ni nani kati ya wenzake wa nyanya anayejua kwamba ana sukari.

"Hapana mutu," mama akasema. "Watasema niko mugonjwa, watachukua wateja wangu."

"Mumoja tu. Mwenye unapenda."

Mama alifikiri. "Iko mumoja," alisema, na sote tukauliza kwa pamoja: "Wapi?"

Alipona. Kidonda kilichelewa kufunga, na nyanya alirudi kuuza mapema kuliko tulivyokubaliana, kama alivyokuwa ametuambia. Alikuja kliniki yake, aliniletea vitunguu, na mara mbili aliniongopea kuhusu soda, lakini hakulazwa tena wodini kwetu.

Aliyebadilika ni Shefu, na wauguzi wengi hawakumshukuru. Sasa alikaa kitandani akasikiliza, na ulipomaliza hakukwambia ulichosahau. Alikuuliza swali. Huyu mama choo chake kiko mbali gani? Huyu bibi anasema kijana wake atamchukua, huyo kijana umeongea naye? Swali la namna ile huwezi kulikariri. Ukijibu "sijui", hakukaripia. Alisema, "Basi, enda umuulize," nawe ukarudi kwa mgonjwa ambaye alidhani ameachana nawe. Kuruhusu mgonjwa kukawa kazi ya asubuhi nzima.

"Heri yule wa zamani," mwenzangu wa Uganda alilalamika. "Alitaka mdomo tu. Huyu anataka nifikiri, na mshahara ni uleule."

Lakini hata yeye alikuwa ameacha kukimbiza maneno. Siku moja nilimkuta amechuchumaa karibu na mama mmoja wa upasuaji, anachora kwenye boksi la glovu ramani ya ngazi za nyumba yake. Aliponiona alilificha boksi kama mtu aliyekutwa anasali.

Wakaja wakaguzi kutoka juu. Walitaka kuona ile wodi iliyotajwa mikutanoni. Walipitia mafaili yetu, wakakunja nyuso: mahali pengi palikuwa hapana tiki, pameandikwa kwa mkono, "hajui, tumempigia binti yake," au "anaogopa kurudi kwa mumewe, tunaongea na mtu wa ustawi wa jamii." Wakasema kiwango kimeshuka. Walisifu jambo moja tu, kile kipengele cha friji. Walikiona ni cha ubunifu na kinafaa wilaya ya mpakani, na mkurugenzi alipokea pongezi kwa unyenyekevu. Shefu alikuwa amesimama kando yangu. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliye kanisani anapobanwa na chafya.

Baadaye alistaafu. Tulimfanyia sherehe ndogo, akatuimbia wimbo wa Kongo ambao hatukuujua, na wodi ikakabidhiwa kwangu, kwa muda, hadi apatikane mtu. Muda huo unaendelea.

Hapo ndipo nilipojua kazi aliyokuwa akiifanya alipokaa bila kalamu. Nilidhani amejipumzisha. Kumbe kumsikiliza muuguzi mwenzako akikosea, ukajua anakosea, ukanyamaza hadi agundue mwenyewe, kunachosha kuliko zamu ya kupokea majeruhi. Wiki zangu za kwanza nilidakia kila sentensi. Wauguzi wakaanza kupaza sauti. Nilipoisikia ile sauti, ile ya kutangaza, nilijua wananitangazia mimi.

Mwezi uliopita tulikuwa na bibi mmoja kutoka upande wa Nyundo, aliyevunjika nyonga na kutengenezwa. Muuguzi aliyempangia kurudi nyumbani ni binti mwenye haya, mwaka wake wa kwanza wa kazi. Nikakaa. Alichanganya mambo, alianza na siku ya kurudi, akaruka dawa, akarudi kwenye chakula. Nilikalia mikono yangu. Bibi akasema mambo yote ni sawa, mwanawe atakuja na gari na atakaa naye mpaka apone. Binti akashukuru, akafunga faili. Kisha akalifungua tena.

"Bibi, naweza kumpigia?"

Akampigia palepale. Mwana alikuwa Kigali, kazini. Hakujua kwamba mama yake amevunjika nyonga. Hakujua hata kwamba alianguka. Bibi aligeukia ukutani, akajifunika shuka, na kutoka chini ya shuka akasema kwamba kijana ana kazi nyingi, hakutaka kumsumbua, na kuna mkwe wa jirani ambaye pengine angekubali kumsaidia.

Kwa hiyo hakuondoka siku ile. Mkurugenzi alinipigia kuuliza kwa nini kitanda hakijaachwa ilhali daktari ameshasaini. Nikamwambia mpango haujakamilika. Akaniuliza kipengele gani kimebaki. Nikatafuta katika karatasi nzima, pamoja na cha friji, sikukiona. Nikamwambia mtu wa kumshika mkono kwenda chooni. Akasema hicho si kipengele, na nimwandikie maelezo.

Nilikuwa bado sijayaandika wakati mwana alipofika kesho yake, ana vumbi la basi, pamoja na yule mkwe wa jirani, mwanamke mfupi mwenye mikono ya jembe. Binti aliwafundisha wote wawili namna ya kumwinua bibi, upande upi wa kusimama, na wapi pa kuweka gongo kwanza. Aliwafanyisha mazoezi koridoni mara nyingi mpaka bibi akaanza kuwasimamia yeye. Kisha akawasindikiza hadi langoni. Niliwatazama kutoka dirishani. Alikuwa akieleza kwa mikono, na nilikuwa na uhakika amesahau kitu, nikawa nimeshashika kitasa cha mlango nimkimbilie.

Nikamwona amesimama, amemgeukia yule mwanamke, anamuuliza jambo. Mwanamke alifikiri, akanyoosha kidole upande wa milima, akaeleza kwa kirefu. Binti alisikiliza hadi mwisho. Niliachia kitasa, nikaenda kutandika kitanda.